Msumari wa Mlango wa Jikoni

Ghorofa ya tatu,
Juu ya duka la rangi.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako anayekupenda na kukusema kwa kipimo kilekile. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wifi yangu mzima, watoto wazima, na kile kikohozi ulichonikoholea simuni mwezi uliopita kimekuacha. Kama hakijakuacha nenda hospitali, usiiulize simu yako. Ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini nasema hivyo.

Sisi huku hatujambo. Mgongo wangu unauma kama mgongo wowote uliokaa kwenye cherehani miaka thelathini na moja, lakini sindano bado naitunga uzi bila miwani. Mama naye hajambo. Hayo maneno mawili, Mama hajambo, yasome tena, maana wiki mbili zilizopita nisingeweza kuyaandika.

Najua utajiuliza kwa nini barua wakati simu ninayo. Simuni hunipi nafasi. Nikianza tu kumsema kaka yako, unaingia katikati kumtetea, na mkasa huu nataka kuusema wote bila wakili wa mtu. Kwa hiyo kaa chini, mwambie mkeo akuletee chai, usome.

Unakumbuka mwezi wa pili ulipotangaza kwamba baada ya miaka tisa mnakuja likizo, ukasema una hamu ya kuiona sakafu ya Baba iking'aa kama zamani. Hayo maneno ulimwandikia nani? Ulimwandikia Bingwa, huyo kaka yako. Mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye mke na watoto, anamwandikia Bingwa maneno kama hayo. Ni sawa na kumpa mtoto kiberiti halafu ukaenda kulala. Kwa hiyo katika haya nitakayokueleza, fungu lako lipo, na nimekuwekea.

Watoto wako wasomee pia, wamjue baba yao mkubwa kabla hawajafika. Waambie jina la Bingwa alilipata darasa la tatu kwa kushinda mbio za watu wawili, na huyo mwenzake alikuwa na kidonda mguuni. Tangu siku hiyo hajawahi kuona kazi isiyomfaa. Amewahi kuwa fundi wa redio, fundi wa mabomba, mfugaji wa kuku na mshauri wa wafugaji wa kuku. Kuku walikufa, ushauri ukaendelea.

Sasa tuje kwenye sakafu. Baba aliitandika mwenyewe wakati wewe unatambaa. Alitumia mabaki ya mbao ngumu yaliyobaki kwenye kazi za watu, ndiyo maana ubao mmoja mpana na mwingine mwembamba kama rula, hakuna mbili zilizolingana sebule nzima. Kati ya ubao na ubao pana ufa wa kuingiza ncha ya kisu. Nyumba za wateja wake zilikuwa na sakafu zilizonyooka, yake ikawa na iliyobaki, na bado miaka arobaini haikuinua hata ubao mmoja. Ilikuwa imefifia, hilo sikatai. Vanishi ilikwisha kitambo, na mbele ya kiti cha Baba pamelika na kuingia chini kama bakuli kwa visigino vyake.

Kuhusu Mama, wewe umesikia tu kwa simu kwamba macho yamekwenda, kwanza la kushoto, halafu la kulia, na huu ni mwaka wa sita. Hujawahi kumwona anavyoishi. Anaishi peke yake, mimi nampitia kila jioni nikifunga duka. Anatoka chumbani, anapita sebuleni, anashuka ile ngazi moja ya kuingilia jikoni, anawasha jiko, anarudi na kikombe mkononi wala hamwagi. Fimbo aliikataa. Ndala za ndani tumemnunulia jozi tatu, zote ziko kabatini, maana ndani ya nyumba yake havai kitu mguuni. Sisi tukasema ni mazoea, Mama ameizoea nyumba. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ameizoea kwa kutumia nini.

Na lile neno lake unalijua. Macho yalipozima, tulipomkalisha wote watatu, wewe ukiwa kwenye simu, tukimbembeleza ahamie kwa Bingwa, alitujibu kwamba siku atakapoomba mkono wa mtu ili afike chooni kwake mwenyewe, siku hiyo tumchukue popote tunapotaka, hatabisha. Mama hajawahi kwenda kinyume na neno lake. Na chumba cha nyuma cha Bingwa nakijua, kimepakana ukuta na televisheni yake.

Basi Bingwa akatazama video saba. Nimemuuliza mwenyewe idadi, akanitajia kwa fahari kama mtu anayetaja vyeti. Alikuja dukani kwangu na simu, akanionyesha mwanamume mmoja mwenye suruali safi anasukuma mashine ya msasa huku anatabasamu. Nilimwambia amwite fundi. Akanijibu kwamba fundi naye ni mtu kama yeye. Nilimwambia ndiyo, kwa upande wa kuwa mtu mnafanana kabisa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu angekubali kuvunjika yote mawili kuliko kusikia. Nikaona nisibishane. Nikamwambia kwamba kama ameshaamua kuharibu, basi angalau afanye jambo moja la maana: aung'oe ule msumari wa mlango wa jikoni, uliochomoza kichwa miaka yote hiyo na kunichania sketi mbili. Akasema hilo ni dogo, Dada.

Mama nilimchukua kwangu siku nane. Tulimdanganya kwamba nyumba inapuliziwa dawa ya mchwa. Naandika "tulimdanganya" kwa sababu mimi ndiye niliyeutunga huo uongo, na ulikuwa mzuri.

Siku ya kwanza nilipita saa ya chakula cha mchana kuona. Mlango nilikuta umezibwa kwa shuka. Shuka lenyewe ni lile la Mama la maua, alilolitunza kwa ajili ya ugeni wenu. Ndani huoni mkono wako kwa vumbi. Bingwa amefunga mdomo kwa soksi. Mashine ameikodi, kubwa kama mbuzi na inamvuta kama mbuzi, huku yeye yuko nyuma yake anaifuata. Wifi yangu wa huku, mkewe, amekaa kwenye ndoo kule nje akitikisa kichwa. Yule mwanamke nitamwombea mpaka nife.

Sikiliza alivyofanya. Mbao zina nyuzi, na mashine hupitishwa kufuata nyuzi. Hilo hata mimi mshona nguo nalijua, maana kitambaa nacho hukikati kinyume cha nyuzi zake ukapata nguo ya maana. Yeye alikata upande, kwa sababu waya wa umeme ulikuwa unafikia upande huo. Katikati ya sebule ameacha mikwaruzo imepanga mistari kama kucha za paka. Nilipomwonyesha akasema vanishi itaficha. Ukisikia mtu anasema vanishi itaficha, jua kazi imekufa na yeye anatafuta sanda.

Siku ya pili simu yake iliita akiwa kwenye pembe ya dirisha. Akaipokea. Mashine hakuizima, aliishikilia tu kwa mkono mmoja palepale ilipo, inazunguka na kula, naye anamwelekeza mtu mwingine jinsi ya kutengeneza sakafu. Sikutilii chumvi, wifi alikuwepo. Alipokata simu pale chini pamekuwa shimo la kukaa sahani ya mchuzi.

Halafu zile nyufa. Alichukua vumbi la mbao, akalikoroga na gundi, akaziba kila ufa wa Baba kuanzia ukutani hadi ukutani. Kwa hilo alitumia siku mbili na magoti yote mawili, na ukweli lazima niuseme, aliziziba vizuri. Hata mbele ya kiti cha Baba alisaga pembeni mpaka lile bakuli likaisha, pakawa tambarare. Kijana wa duka la rangi hapa chini alimuuzia vanishi, akamwambia apake nyembamba mara tatu na asubiri ikauke kila mara. Bingwa akaona huo ni ujanja wa wauzaji wa kupoteza muda wa wateja. Akaimwaga yote mara moja, nzito kama uji.

Na sasa fika hapa uweke kikombe chini. Alianza kupaka mlangoni. Mlangoni, mdogo wangu. Akarudi nyuma nyuma na rola yake mpaka akajikuta kwenye pembe ya dirisha, mgongo ukutani, na sebule nzima mbichi mbele yake. Dirisha lina nondo. Alisimama pale akamwita mkewe, mkewe akaja mlangoni akamtazama, akarudi kukaa kwenye ndoo. Baada ya nusu saa Bingwa akavua viatu, kwa sababu kwenye video walisema usikanyage kazi na viatu, akatoka akivuka sebule kwa miguu mitupu. Nyayo kumi na moja kutoka dirishani mpaka mlango wa mbele, na vidole vyake vyote. Alijaribu kuzipaka tena kutokea pembeni, akafanikiwa kuzipa kingo.

Nilicheka, sikufichi. Nilicheka nikarudi nyumbani nikamaliza magauni mawili ya harusi nikiwa bado nacheka. Nilishaanza kukutungia barua kichwani, barua ya kuchekesha, ambayo siyo hii.

Jumamosi nikamrudisha Mama.

Nilimshika mkono mpaka kizingitini, kama kawaida, na kizingitini akauachia, kama kawaida. Akavua viatu. Akaweka mguu ndani. Harufu alishaisikia toka nje na alikuwa ananuna. Akaweka mguu wa pili, akasimama. Akasugua wayo mbele, akasugua kushoto, akasugua kulia. Bingwa yuko pale kwenye kiti cha Baba ameachama, anangoja kusifiwa.

Mama akauliza, "Mmenileta nyumba ya nani?"

Bingwa akacheka, akasema ni kwako Mama, tumekutengenezea. Mama alijaribu hatua mbili zaidi, mikono mbele kama mtu anayeingia mtoni, na hajawahi kutembea mikono mbele humo ndani hata siku moja. Akajigonga kwenye meza ambayo iko mahali pake tangu ulipokuwa unanyonya. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, nipe mkono. Nataka kwenda chooni."

Nilimpa. Wake ulikuwa mwepesi. Tulipofika mlango wa choo wote watatu tulikuwa tunajua alichokisema, na Bingwa alikuwa ameacha kuachama.

Jioni hiyo ndipo akanieleza, kwa utulivu kabisa, kama anayeeleza mahali palipo na sukari. Nyufa za Baba alikuwa anazihesabu kwa vidole vya miguu. Kutoka mlango wa chumbani mpaka meza nyufa kumi na saba, na kwa kuwa mbao hazilingani upana, alijua yuko kwenye ubao upi. Lile bakuli la visigino vya Baba lilimwambia hapa geuka kulia, choo kiko mbele. Na msumari, alisema, ule msumari wa jikoni ulikuwa unamgusa chini ya dole gumba hatua moja kabla ya ngazi. Miaka sita alikuwa anashuka salama kwa ajili ya msumari. Akaniuliza nani aliung'oa. Nikasema Bingwa.

Ndiyo, nilisema Bingwa. Hujakosea kusoma.

Akaniambia nimfungashie, atahamia kwa mwanawe Ijumaa. Nilimsihi. Alisema ahadi ni ahadi, na tena mtu asiyejua alipo ndani ya nyumba yake hana nyumba. Siku tatu alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa chumbani, mikono mapajani. Chai nilimpelekea. Ulimpigia Jumapili, unakumbuka, akakuambia ana usingizi. Hakuwa na usingizi wowote.

Nilimsema Bingwa mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia Baba alijenga akili za Mama chini ya miguu yake, na yeye amezisaga kwa mashine ya kukodi. Hakujitetea hata kidogo, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe, na badala ya kuniridhisha likanitia hofu.

Jumanne nikamleta fundi wa kweli, mzee mmoja wa sakafu, mtu wa maneno machache na magoti magumu. Nilitumaini ataweza kurudisha nyufa. Alipiga magoti, akapitisha kiganja, akanusa. Akauliza nani alishika mashine hapa. Bingwa akatazama dari. Fundi akasema nyufa zikichokolewa sasa mbao zitavunjika kingo, zimebaki nyembamba. Na bakuli la miaka arobaini halichongwi kwa siku tatu. Anachoweza ni kuondoa aibu tu: atasaga tena kidogo, atalainisha yote, iwe kama kioo.

Mama akiwa kwenye kiti chake akauliza, "Aibu zipi, fundi? Nitajie."

Mzee wa watu akadhani ni mwenye nyumba anayetaka kujua kazi yake. Akaanza kuzitaja moja moja, na nakuapia alizitaja kwa raha, kama daktari aliyepata mgonjwa mwenye kila ugonjwa. Pembe ya dirisha, shimo la mashine. Katikati, mikwaruzo ya upande. Mbele ya choo, vanishi imejikusanya na kukauka matone kama punje za mahindi. Na kutoka dirishani mpaka mlango wa mbele kuna nyayo za mtu, kama za mwizi.

Mama akauliza kutoka alipokaa mpaka mikwaruzo ni hatua ngapi. Fundi akahesabu, akasema tano. Mama akasimama.

Nilitaka kumfuata, fundi akanizuia kwa mkono. Sijui alijuaje. Mama akaenda hatua tano, akasimama, akasugua wayo, akakuta zile kucha za paka. Akatikisa kichwa kidogo. Akauliza choo, akaambiwa saba kushoto. Akaenda, akakuta matone, akayapapasa kwa kidole kimoja kimoja, akarudi mpaka mikwaruzo. Akaenda dirishani, akatumbukiza kisigino shimoni, akasema, "Hapa ndipo alipopokea simu." Kumbe wifi alishamhadithia. Halafu akaupata unyayo wa kwanza. Akaweka mguu wake ndani yake, ukaenea na nafasi ikabaki. Akakaa hapo. Akasema huu mguu anaujua, dole gumba limepinda nje kama la Baba. Akazifuata zote kumi na moja mpaka mlango wa mbele, mikono iko chini mahali pake, akashika kitasa mara ya kwanza bila kupapasa.

Akamwambia fundi achukue vifaa vyake na ashukuriwe sana, sakafu haiguswi.

Bingwa alilia. Alilia kwa sauti kama ng'ombe, pua na kila kitu, pale kwenye kiti cha Baba. Mimi sikulia, nilikuwa nimesimama vibaya. Mzee wa sakafu alikusanya mifuko yake, na akipita mlangoni alimwambia Bingwa kwamba miaka thelathini ya kazi hajawahi kuona sakafu mbaya kama ile. Bingwa akasema asante.

Usifikiri yameishia hapo kwa heri na machozi. Ilipofika Alhamisi Bingwa alishapona. Sasa anawaambia watu kwamba nyayo alizipanga. Ana neno jipya, anasema ile ni sakafu maalumu, na nimesikia kwamba amemwahidi jirani mmoja kumtengenezea yake. Nimemtahadharisha jirani. Kwa hiyo dharau yangu bado ninayo, nzima, wala sijaitoa sadaka. Mtu aliyeokolewa na uzembe wake mwenyewe si fundi. Ni mzembe mwenye bahati.

Lakini kulibaki upande mmoja, nao ndio unaoninyima usingizi nikiuandika. Mlango wa jikoni. Mama alizunguka sebule yote na hakuukaribia. Pale Bingwa alifanya kazi safi. Ndipo mahali pekee humo ndani alipofuata nyuzi, akasaga taratibu, akaziba tundu la msumari, pakawa laini hata mimi mwenye macho siwezi kuonyesha ulikuwa wapi. Alipafanya hivyo kwa sababu mimi nilimwagiza. Mahali pekee alipotii ndipo mahali pekee palipomshinda Mama, na mbele yake kuna ngazi.

Nyani haoni kundule, ndivyo wasemavyo, nami nilikuwa nimekaa juu ya langu siku zote hizo nikimcheka mwenzangu. Sketi mbili. Kwa sketi mbili, ambazo hata hivyo nilizitia viraka usivione.

Ijumaa asubuhi, siku aliyokuwa ahame, nilimwambia. Nilipiga magoti nikamwambia kwamba msumari si Bingwa, ni mimi. Akaniambia anajua. Wifi, tena. Hiyo familia ya Bingwa haina siri. Akaniambia niache kulalama na niurudishe.

Nikaenda duka la rangi nikanunua misumari. Nyundo niliikuta kwenye sanduku la Baba. Bingwa akajitolea, nikamwambia asithubutu kuikaribia. Mama akasimama mbele ya mlango, nikampimia hatua moja kabla ya ngazi, akapapasa mpaka akasema hapo. Nikapiga. Wa kwanza ukapinda. Wa pili ukapasua ubao wa Baba kidogo, nikasikia Bingwa nyuma yangu anavuta pumzi, na hakusema neno, na hilo ndilo jambo la heshima kuliko yote aliyowahi kunifanyia. Nikajigonga kidole. Wa tatu ukaingia, umeegemea upande kama mlevi, kichwa kimechomoza zaidi ya kile cha zamani.

Mama akapitisha dole gumba juu yake, akarudi, akapitisha tena.

"Umekaa vibaya," akasema. Akashuka ngazi peke yake, akawasha jiko.

Begi lake nimelifungua. Nguo zimerudi kabatini, kwenye rafu moja na ndala.

Basi mdogo wangu, karatasi inaisha. Msalimie sana wifi yangu, mwambie zile nguo za watoto nimeshazikata, anitumie tu vipimo vya urefu maana watoto hawaulizi ruhusa kukua. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawangoja na baba yao mkubwa amewaandalia mashauri. Shemeji yako, mke wa Bingwa, anakusalimu, amesema umletee viatu, si zawadi ya pamoja na mumewe, ni vyake peke yake. Bingwa anakusalimu kwa kirefu, nimeyafupisha. Mama anasema ukija usimletee fimbo.

Mungu awafungulie njia, awakinge na ajali na wajuaji, atukutanishe sote tukiwa na pumzi. Mkifika, vueni viatu mlangoni, wakubwa kwa wadogo. Msizifute nyayo. Na jikoni angalieni chini, kwa maana kuna msumari umechomoza, utakuchania suruali. Ukikuchania, lete suruali nikushonee, na ukae kimya.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata akiwa na nyundo mkononi,

Dada Mkubwa